Tashbihi Inataka Shahidi

Asubuhi moja niliondoka Voi bila mpango wowote. Niliamka nikiwa mchuuzi wa viberiti na mishipi pale karibu na stesheni, nikakuta lori la vitunguu linapasha injini, nikamuuliza dereva anaelekea wapi.

"Mombasa," akasema. "Nawe je?"

"Mimi pia," nikasema, ingawa habari hiyo niliisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza pale nilipoitamka. Mkobani nilikuwa na suruali moja ya kubadilisha na kamusi iliyopoteza kurasa zote za herufi M. Maneno yanayoanzia na M nimejifunza barabarani. Umri wangu ulikuwa miaka thelathini na miwili, na hiyo ilikuwa kazi ya tisa kuiacha bila kuaga.

Zuhura na Hamisi, nyinyi mliorithi meza yangu mmenitaka niandike jinsi kazi yetu ilivyokuwa. Nimestaafu kwa sababu mkono umeanza kutetemeka, na barua ya posa iliyoandikwa kwa mkono unaotetemeka huwafanya watu wadhani muoaji ana hofu. Vyeo sina vya kuwasimulia. Ngazi yetu ilikuwa na vidato viwili tu: alikuwako Bi Rehema, halafu nikawako mimi. Nitawaandikia miaka ya mwanzo. Iliyobaki imo kwenye mafaili, na mingi mliiona kwa macho yenu.

Lori lilinishusha Mwembe Tayari, nikapata kitanda katika gesti ambayo kuta zake zilikuwa za mbao nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya, mimi ndiye niliyeambiwa pole. Kwa mwezi mzima nilibeba mizigo. Siku moja nilitumwa kupeleka maboksi ya karatasi mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, katika duka la madaftari la Bwana Yusufali, ambaye babu zake walitoka Gujarati na ambaye hajawahi kunisalimu bila kuniuliza kwanza kama nimefuta miguu. Nyuma ya duka, kwenye chumba kidogo chenye jiko la makaa na meza ya mvule, alikaa mama mmoja wa makamo mwenye miwani mizito, anaandika. Nilishusha maboksi, nikasimama nyuma yake, nikasoma.

"Hapa pana maneno matatu yanayogongana," nikasema. "*Kwa kauli kamili.* Ulimi wajikwaa."

Hakugeuka. "Nani aliyekuuliza?"

"Hakuna."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita."

"Basi hawakuwahi kukuharibu. Keti."

Huyo ndiye Bi Rehema. Alikuwa mjane, aliwahi kusomesha Kurani chuoni, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiandika barua za posa kwa nusu ya Mji wa Kale. Mvulana akitaka kuoa, wazee wake walikuja kwake. Yeye aliandika, mzee mmoja wa upande wa mvulana akaenda kuisoma kwa sauti mbele ya wazee wa upande wa msichana, baada ya Alasiri, na baada ya kusomwa kahawa ikatoka au haikutoka. Kahawa ikitoka, barua imekubaliwa kuzungumzwa. Isipotoka, watu hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine.

Mimi ni Mkristo wa Taita, na siku ya kwanza nilimwambia ili asije akaniona mwongo. Alifikiri kidogo. "Mstari wa juu wenye jina la Mwenyezi Mungu nitauandika mimi," akasema. "Wa chini yake ni wa binadamu. Hata wewe waweza."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Karatasi nzito ya rangi ya maziwa. Kalamu ya wino yenye ncha pana. Chetezo cha udi, maana barua hufukizwa kabla ya kutiwa kwenye bahasha, na hapo nawaomba mnisikilize: hesabu hadi thelathini, basi. Mimi niliwahi kuifukiza barua nikiwa nawaza mambo mengine, ikafika kwa wakwe na pembe iliyoungua, na baba wa msichana akauliza kama muoaji ni zimamoto. Kifaa cha nne kilikuwa kipepeo cha ukili. Bi Rehema aliisoma kila barua kwa sauti huku anapepea makaa. Pumzi ikimwishia kabla ya nukta, sentensi ilikatwa. Hapakuwa na rufaa.

Majina ya kitaalamu ya kazi hii niliyapata baadaye, katika kitabu cha shule alichokisahau mteja. Kabla ya hapo tulikuwa na ya kwetu. Takriri tuliiita msumari wa pili. Chuku tuliiita hamira, kwa kuwa ikizidi, unga wote huchacha. Istiara tuliiita pazia. Tashbihi tuliiita kama-kama. Nilipomsomea Bi Rehema majina ya kitabuni alisikiza yote kwa adabu, kisha akasema, "Haya, na hao walioyatunga, waliposa wangapi?"

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la sauti. Nilikuwa nimegundua kwamba herufi moja ikirudiarudia inapendeza masikioni, nikatunga ufunguzi wenye S nyingi: *Salamu safi za usafi wa nafsi, zisizo na kisasi wala wasiwasi.* Makaa yaliupitisha. Tulichosahau sote wawili ni kumuuliza msomaji wetu ana meno gani. Alikuwa babu wa muoaji, na wiki ile alikuwa ametiwa meno mapya ya kubandika. Kila S ilitoka na mbinja yake. Ilipofika *wasiwasi*, paka wawili walikuwa wameshakaa dirishani. Posa ilikubaliwa, kwa kuwa wenyeji walihurumia, lakini tangu hapo katika fomu yetu ya maagizo pana swali la tatu: *Msomaji ni nani, na meno yake?* Nyinyi mlidhani ni mzaha wangu. Ni sheria.

Mwaka wa tatu nilijiona nimehitimu. Huo ndio mwaka wa kicheko.

Bi Rehema alikwenda Malindi kumuuguza dada yake, akaniachia karatasi ishirini ambazo mstari wa juu ameshauandika. Akaja mama mmoja kuagiza barua kwa ajili ya mpwa wake Swaleh, kijana wa duka la vyuma vya magari, anayemposa Rukia binti Athmani. Mzee Athmani nilimjua kwa sura: fundi wa kanzu, cherehani yake ikilia kwenye njia hiyo hiyo ya Kuze, mtu wa maneno machache kama kwamba anayakata kwa mkasi. Nilichukua maagizo, swali la meno likajibiwa vizuri, mama akaenda zake.

Kesho yake akaja Swaleh mwenyewe, jambo ambalo si desturi.

"Kaka Mwakio, barua ushaianza?"

"Bado."

"Utaandika nini?"

"Yale yale. Ua katika bustani yenu, mwezi katika anga yenu, lulu katika kombe."

Akakunja uso. "Jirani yao aliposwa na mwezi. Dadake jirani, mwezi pia. Rukia atakuwa nyuma ya pazia anasikiza. Nataka akisikia ajue barua ni yake, si ya mwengine. Ni hilo tu naomba."

Ombi hilo lilinigusa mahali pabaya, yaani kwenye majivuno. Nikamuuliza Rukia ana kitu gani ambacho wengine hawana. Swaleh aliangalia nyuma, akashusha sauti. "Kicheko. Chaanza polepole, moja, mbili, halafu hakizuiliki."

Wiki ile ile muuza shanga mmoja wa Markiti alikuwa ameniomba maneno ya kibao chake, nami nilikuwa nimetunga mstari nikaona ni mrefu kwa kibao. Nikaufungua uzi, nikaushona upya: *Na kicheko chake ni kama shanga zilizokatikiwa na uzi juu ya sinia ya shaba: moja, mbili, kisha zote, chwaa!* Niliusoma huku napepea makaa. Pumzi ilitosha na ikabaki. Tashbihi, mdundo, tanakali ya sauti mwishoni, vyote katika sentensi moja. Nilijisikia kama mtu aliyepika pilau ya kwanza isiyoshika chini.

Siku ya barua nilikaa nje, kwenye baraza ya mawe chini ya dirisha la Mzee Athmani. Ndani, mbali na mwenyeji, walikuwamo wanaume sita. Msomaji alikuwa Mzee Bakari, ami yake Swaleh, mwenye sauti ambayo ingeweza kuuza barafu kaskazini ya dunia. Alisoma salamu, akasoma nasaba, akafika kwenye shanga. Aliposema *chwaa* nadhani alinyanyua na mkono.

"Rudia hapo," akasema Mzee Athmani.

Mzee Bakari alidhani amependezwa. Akarudia, mara hii kwa sauti kubwa zaidi, na *chwaa* ikavuka njia mpaka kwa muuza kahawa.

"Ahsante," akasema Mzee Athmani. "Sasa niambieni. Nani kati yenu aliyemsikia mwanangu akicheka?"

Niliwasikia wanaume sita wakikumbuka shughuli zao kwingine. Kahawa haikutoka.

Asubuhi yake Swaleh alisimama mlangoni pa chumba chetu bila kuingia. "Umeniua, kaka. Shangazi ameambiwa barua isirudi tena. Rukia haendi hata dukani. Watu wauliza nilimsikia wapi, nilimsikia lini, tulikuwa wangapi. Na mimi nilimsikia mara moja tu, wallahi. Alikuja dukani na shangazi yake, nikajigonga kidole na nyundo mbele yao. Akacheka. Mengine ni ya simu."

Kila mtu Kuze alijua kwamba vijana wana simu. Mzee Athmani pia alijua. Lakini barua haitakiwi kujua kitu ambacho simu inakijua, na mimi niliifanya ijue, ikasomwa mara mbili.

Bi Rehema aliporudi aliisoma nakala bila kuwasha jiko.

"Ni nzuri," akasema. "Ni nzuri kuliko zangu zote. Ndio maana imevunja nyumba."

Nikamwambia sielewi. Kitabu cha shule kilisema wazi kwamba tashbihi iliyochakaa ni udhaifu wa mwandishi.

"Hicho kitabu hakiposi. Sikiza. Ukisema *kama*, umeshasema kwamba umeviona vyote viwili. Tashbihi yataka shahidi. Sasa kila msichana ni mwezi, kwa hivyo mwezi hausemi kitu, na kwa kuwa hausemi kitu, baba yake atulia. Wewe umeandika kitu cha kweli. Baba yake amekisikia kicheko hicho tangu ana miaka miwili. Kama ungekuwa umekosea, angecheka."

"Nifanye nini?"

"Uende. Usiseme uongo, kwa kuwa hujui kuusema. Chagua tu ukweli upi utangulie."

Nilimkuta Mzee Athmani peke yake dukani, anashona ukosi. Nikamsalimia, akaitikia, mguu ukaendelea kukanyaga cherehani. Barua yangu aliiweka chini ya mashine ili isitikisike. Niseme hiyo ndiyo barua yangu pekee iliyowahi kuwa na manufaa ya kimwili.

"Wewe ndiye Mtaita wa Bi Rehema."

"Ndiye, mzee."

"Hicho kicheko umekitoa wapi?"

"Shanga ni zangu, mzee. Nilizitunga kwa ajili ya kibao cha duka Markiti. Nikaona zimependeza, nikazitia kwenye barua ili watu waseme Mwakio ajua kuandika. Hilo ni kosa langu."

Mguu ukasimama. Alinitazama kwa muda mrefu, na nilijua kwamba anajua kuna nusu nyingine, na yeye alijua kwamba sitaisema.

"Mimi namjua mwanangu," akasema. "Hajafanya kitu. Na yule mvulana si mbaya, kofia zake mimi ndiye nimshoneaye. Lakini watu sita wamesikia. Masikio sita nitayaziba na nini? Nikikubali, nimekiri kuwa alisikiwa. Nikikataa, nimekiri kuwa kuna sababu."

"Masikio kumi na mawili," nikasema, kwa sababu ya ujinga.

Alinitazama tena, nikadhani nimemaliza kila kitu. Kisha akatoa pini mdomoni. "Waite. Watu wale wale. Haya uliyoniambia waambie wao. Utachekwa."

"Najua, mzee."

"Utachekwa sana. Watu hawatakupa barua tena mpaka wasahau."

Hapo ndipo nilipopima, na nawaambia ukweli, nilipima mara mbili. Sikuwa na kitu kingine duniani isipokuwa sifa ya kujua kuandika, na hiyo ilikuwa na umri wa miaka mitatu. Malori ya kuondoka Mwembe Tayari yalikuwepo kila siku. Lakini nyuma ya lile duka, juu kwenye nyumba, alikuwako msichana aliyefungiwa kwa sababu ya neno moja la kwangu lililokaa vizuri mno.

"Alhamisi, baada ya Alasiri?" nikauliza.

Barua ya pili ilinitesa kuliko zote nilizowahi kuandika. Kila nilipojisahau kalamu ilileta kitu kipya, nikakifuta. Bi Rehema alikaa kando akinikagua. "Hiyo *lulu inayopumua* toa upumuaji. Lulu basi." Tulimaliza ukurasa mzima ambao haukuwa na neno moja ambalo halijapita midomo elfu. Ua lilikuwamo. Mwezi ulikuwamo. Bustani, marashi, kombe, anga, zote. Ungeweza kuipeleka kwenye nyumba yoyote toka Lamu hadi Vanga ikafaa.

Alhamisi nikaitwa ndani, nikasimama mbele ya wanaume sita nikiwa nimevua viatu, soksi moja ikiwa na tundu. Nikaeleza. Nikasema sentensi ya shanga niliitunga kwa kibao cha duka na tamaa ya sifa ndiyo iliyoiingiza baruani.

Mzee Bakari alinyanyua kichwa polepole. "Hebu ngoja. Yaani mimi nilisoma tangazo la duka?"

"Naam, ami."

"Kwa sauti ile?"

"Naam."

"Na nikarudia!"

Mmoja alianza kucheka ndani ya kikofia chake, mwengine akamfuata. "Bakari," akasema wa tatu, "hukuwaambia shanga wauza kwa uzi au kwa kibaba!" Hapo wakacheka wote, na Mzee Bakari, ambaye kwanza alikuwa amevimba, akashindwa, akajipiga paja. "Astaghfirullah. Mwandishi gani huyu, atuuzia shanga ndani ya posa! Kesho ataposa kwa tangazo la mabati!" Mimi nilisimama pale nikachekwa kwa kiasi ambacho Mzee Athmani aliniahidi, na cha ziada.

Na hapo, nyuma ya pazia, kikaanza kicheko. Moja. Mbili. Kisha kikamshinda mwenyewe, kikamwagika chote.

Wanaume sita waliangalia mikeka. Hakuna aliyesikia. Sijawahi kuona watu sita wasiosikia kitu kwa bidii namna ile. Mzee Bakari alikohoa kama mtu mwenye mfupa wa samaki kooni, Mzee Athmani akapaza sauti kuliko ilivyohitajika: "Barua isomwe!"

Ikasomwa. Mwezi ukapita, ua likapita, lulu isiyopumua ikapita. Wazee walitikisa vichwa kwa raha kila walipofika mahali ambapo wamewahi kufika. Barua ilipokwisha, Mzee Athmani alizungusha pete kidoleni. Kisha akageuka upande wa pazia.

"Hiyo kahawa mwaipanda au mwaipika? Leteni."

Ikatoka, na halua juu yake. Sikukaribishwa kuketi, lakini nilipewa kikombe nikanywa nikiwa nimesimama, ambako kwa hali yangu kulikuwa kupandishwa cheo.

Kazi zilikatika kwa miezi minne, kama alivyosema. Watu walinipita njiani wakiniuliza bei ya shanga. Harusi ya Swaleh na Rukia ilipokwisha, Mzee Athmani aliniita dukani. Nilidhani barua ina deni la maneno mengine. Aliniuliza nalala wapi, nikamwambia gesti ya Mwembe Tayari, ukuta wa mbao, jirani mwenye mafua.

"Mwandishi wa Kuze hawezi kulala mahali ambapo kila mtu amsikia mwengine," akasema. "Mwisho atayaandika." Akavuta droo ya cherehani, akatoa ufunguo mrefu wa chuma. "Nna chumba juu ya duka. Kipakwe chokaa, basi, kitakufaa."

Tukapanda ngazi ya mbao, yeye mbele. Kilikuwa chumba kizuri, dari yenye boriti za mikoko, kitanda cha kamba, kabati ndani ya ukuta. Nikalisogelea dirisha, nikalisukuma. Lilitazama uchochoro na ukuta wa upande wa pili.

"Nyumba yenu iko upande gani, mzee?"

Mzee Athmani alikuwa ameshaanza kuteremka. "Upande ambao hauna dirisha," akasema.